Amebaki kazini, lakini nyumbani haonekani

Kampuni inapotangaza kupunguza wafanyakazi, pole huenda kwa walioondoka, na ni haki yao. Aliyebaki hupewa hongera. Mama mzazi anapiga simu kutoka kijijini kushukuru, mke anapika pilau siku ya katikati ya wiki, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo shemeji anaandika kwamba Mungu hamtupi mja wake. Wiki tatu baadaye mke huyo huyo anaanza kugundua jambo. Mume amebaki na kazi, ila kazi nayo imebaki na mume.

Saa nne usiku taa ya sebuleni bado inawaka. Asubuhi simu inashikwa kabla mswaki haujashikwa. Mtoto anauliza swali la hesabu mara mbili, mara ya tatu analipeleka kwa dada wa kazi.

Hali hii imezikuta nyumba nyingi za watu wanaofanya kazi kwenye kampuni za teknolojia tangu mwaka 2022. Novemba ya mwaka huo Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, iliwaondoa zaidi ya watu 11,000, na Machi iliyofuata ikatangaza kuondoa wengine 10,000. Januari 2023 Google ilitangaza 12,000, Microsoft 10,000 na Amazon 18,000, kisha Amazon ikarudi tena Machi na 9,000. Twitter, siku chache baada ya Elon Musk kuinunua, iliondoa karibu nusu ya watu wake 7,500. Wimbi halijatulia hadi leo: mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kupunguza 9,000 mwezi Julai, na Amazon 14,000 wa ofisini mwezi Oktoba.

Haya si mambo ya Marekani peke yake. Wafanyakazi wa Twitter jijini Accra, Ghana, waliachishwa kazi siku chache tu baada ya ofisi yao kufunguliwa. Nchini Kenya, Copia, kampuni iliyokuwa ikiuza bidhaa kwa kaya za vijijini kupitia mawakala wa madukani, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2024 na mamia ya watu wakapewa barua. Na wapo vijana wengi wa Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam wanaoandika programu wakiwa mezani kwao nyumbani kwa ajili ya kampuni ambazo hawajawahi kuona hata geti lake. Kule wakikohoa, huku watu wanapata homa.

Chanzo kinaeleweka kirahisi. Wakati wa korona watu walijifungia ndani na kila kitu kikahamia kwenye intaneti. Mikopo ilikuwa rahisi, maana riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Kampuni zikaajiri kwa pupa. Kufikia katikati ya 2023 riba ilikuwa imepita asilimia 5, watu wamerudi madukani na maofisini, na hesabu haikukaa tena. Mark Zuckerberg mwenyewe aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba alidhani kasi ile ingedumu, akakosea. Aliyekosea hesabu alibaki na kiti chake. Bili ikaenda kwa wengine.

Sasa kuna jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Watu wanapoondoka, kazi yao haiondoki nao.

Chukua timu ya watu tisa inayotunza mfumo wa malipo wa kampuni. Ijumaa moja wanne wanapewa barua. Jumatatu wateja ni wale wale, malalamiko ni yale yale, ahadi ambazo kampuni iliwapa wateja kwa robo ya mwaka hazijabadilika hata nukta. Waliobaki ni watano. Zamu ya usiku, ile ya kuamshwa na simu mfumo ukigoma, kila mmoja alikuwa akiipata wiki moja kati ya tisa. Sasa ni wiki moja kati ya tano. Katika wiki hiyo mtu halali vizuri hata kama simu haikulia, kwa sababu anaisubiri ilie. Mke naye halali.

Halafu kuna maarifa. Aliyeondoka ndiye pekee aliyejua kwa nini mfumo uliandikwa vile miaka minne iliyopita, nywila ya kile chombo iko wapi, na ni mteja gani asiyetaka kupigiwa kabla ya saa nne. Hakupewa hata siku mbili za kukabidhi. Katika kampuni nyingi mtu aligundua amepunguzwa pale kompyuta ilipokataa kufunguka asubuhi. Aliyerithi kazi yake anatumia siku tatu kutafuta jambo ambalo mwenzake angemweleza kwa dakika tano. Kule Twitter iliripotiwa kwamba baadhi ya walioondolewa waliombwa warudi siku chache baadaye, maana imeonekana hakuna mwingine anayejua shughuli zao. Machi 2023 badiliko dogo tu kwenye mitambo yake lilifanya viungo vigome kwa watumiaji wengi duniani.

Na juu ya yote kuna uongozi. Hapa ndipo mambo huharibika zaidi, kuliko hata kwenye wingi wa kazi. Kampuni inapopunguza watu hupenda pia kukata ngazi za mameneja, na meneja aliyekuwa na watu watano anajikuta na kumi na tano. Yale mazungumzo ya nusu saa kwa wiki, ambapo mtu alikuwa anaweza kusema kwamba mtoto amelazwa au kwamba kazi fulani haitakamilika, yanafutwa kwanza. Meneja mwenyewe anaogopa kuwa kwenye orodha inayofuata, hivyo kila agizo kutoka juu analipokea kwa "sawa" na kulishusha chini kama lilivyo. Anaanza kudai ripoti. Ripoti ya Jumatatu, ripoti ya Jumatano, kikao cha kueleza kilichoandikwa kwenye ripoti. Watu watano wanaofanya kazi ya tisa wanatumia saa nzima kila siku kueleza wanavyofanya kazi.

Meneja anayesema yote ni ya haraka hajapanga lolote. Amewaachia walio chini yake wapange, na wakipanga vibaya lawama ni yao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ukubwani huko usufi huo haupimwi kamwe.

Pia kuna vyeo. Baada ya panga kupita, baadhi hupewa cheo cha "kiongozi wa timu" bila nyongeza ya mshahara na wakati mwingine bila timu. Nyumbani watu wanashangilia. Barua hiyo isomwe mara mbili kabla ya kusainiwa.

Musk alilisema wazi ambalo wengine hulisema kwa kificho. Novemba 2022 aliwaandikia waliobaki wachague: kukubali saa nyingi za kazi kwa nguvu kubwa, au kuondoka na malipo ya miezi mitatu. Mwezi huohuo ilisambaa picha ya meneja mmoja amelala sakafuni ofisini ndani ya mfuko wa kulalia, na wengi wakamsifu kwa kujitolea. Februari iliyofuata naye alipunguzwa. Wazazi wanaodhani kwamba kulala ofisini ni bima ya ajira waitazame picha ile kwa jicho hilo. Orodha za kupunguza watu mara nyingi huandaliwa kwa hesabu za idara na gharama, na anayeziandaa hajui nani alikesha.

Mwili nao una hesabu zake. Finland ilipita kwenye mdororo mkali wa uchumi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na halmashauri za miji zikapunguza watumishi. Watafiti wakawafuatilia wafanyakazi 22,430 wa miji 10, na waliowafuatilia ni wale waliobaki kazini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Pale ambapo zaidi ya asilimia 18 ya watumishi walikuwa wameondolewa, vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu miongoni mwa waliobaki vilikuwa mara mbili ya vile vya mahali ambapo watu hawakupunguzwa. Hawa ndio waliopewa hongera. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani nayo yalieleza mwaka 2021 kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Saa 55 si nyingi kama zinavyosikika. Ni saa kumi na moja kwa siku tano. Mzazi anayeanza saa mbili asubuhi na kufunga kompyuta saa moja jioni kila siku ameshafika, kabla hata ya ile "dakika kumi tu" ya usiku.

Kwa anayefanyia kazi kampuni ya California akiwa Afrika Mashariki, saa zenyewe zimepinda. Saa tatu asubuhi San Francisco ni saa moja jioni Dar es Salaam na Nairobi, na kwa miezi ya Novemba hadi Machi ni saa mbili usiku. Yaani kikao cha kwanza cha bosi kinaangukia pale pale chakula cha jioni kinapowekwa mezani, madaftari yanapofunguliwa na mtoto mdogo anapotaka kuogeshwa. Timu ilipokuwa kubwa, mwenzake wa upande ule alikuwa akihudhuria na kumwandikia muhtasari asubuhi. Mwenzake ameondoka. Sasa ni yeye, na watoto wamejifunza kutembea kwa vidole wakipita mlango wa chumba.

Jirani haelewi. Kwa jirani huyu mtu yuko nyumbani siku nzima, amekaa kwenye kiti, kuna feni. Anaombwa akapokee mtungi wa gesi, akamchukue mtoto wa dada yake shuleni, na Jumamosi asipofika kwenye kikao cha harusi anaitwa mwenye maringo. Hata ndani ya nyumba neno "umechoka na nini?" limevunja amani ya ndoa kuliko wingi wa kazi wenyewe. Aliyechimba mtaro kutwa haulizwi swali hilo.

Kwa mama mambo ni mazito maradufu, kwa sababu zamu ya pili inamsubiri jikoni bila kujali nani amepunguzwa kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Wangapi wanaziomba baada ya nusu ya ofisi kuondolewa? Mama anakamulia maziwa chooni, anarudi mezani, na mtoto anaachishwa ziwa mapema kuliko alivyopanga, kwa sababu hakutaka kuonekana ndiye mwenye mahitaji mengi. Hofu hiyo haiandikwi kwenye waraka wowote wa kampuni, ila inafanya kazi kuliko waraka.

Basi nyumba ifanye nini?

Kwanza mwenzi aambiwe. Inashangaza ni wanaume wangapi wanaficha jambo hili kama ugonjwa wa aibu. Mke anajua kampuni ilipunguza watu, hajui kwamba mumewe sasa anashika kazi za watatu, hivyo ukimya na hasira za usiku anazitafsiri anavyojua yeye, na mara nyingi tafsiri hiyo ina jina la mwanamke. Robo saa ya kueleza ni nani aliondoka, alikuwa anafanya nini na sasa anafanya nani ingeokoa miezi ya ugomvi. Hapo hapo hesabu ya nyumba iwekwe mezani: kodi au marejesho ya mkopo ni kiasi gani, ada inadaiwa lini, akiba iliyopo inaweza kuibeba nyumba miezi mingapi. Wenye mkopo unaokatwa kwenye mshahara wana sababu ya ziada ya kufanya hivyo. Mtu asiyejua nyumba yake inahitaji shilingi ngapi kwa mwezi hawezi kukataa jambo lolote kazini, kwa kuwa kila "hapana" inamwonekea kama kufa. Na kipindi hiki si cha kuanza ujenzi kwa mkopo mpya, hata kama kiwanja kinatamanisha.

Kazini, kulalamika kwamba kazi ni nyingi hakufiki mbali, kwa sababu kila mtu anasema hivyo. Kinachosaidia ni karatasi. Mtu aandike kazi zote alizonazo sasa, zake za zamani na alizorithi, na mbele ya kila moja aandike inachukua saa ngapi kwa wiki. Jumla ikifika saa 70, ampelekee meneja kwa barua pepe na kumuuliza, kwa adabu kabisa: kati ya hizi, zipi zisubiri hadi mwezi ujao? Asiseme haziwezekani. Aombe apangiwe. Meneja mzuri aliyezidiwa atashukuru, maana hata yeye hakuwa na orodha hiyo, na atapata cha kuwaonyesha walio juu yake. Meneja mbovu atajibu kwamba zote ni muhimu. Jibu hilo nalo lina faida, kwani limeandikwa, lina tarehe, na kazi ya kumi na nne itakapochelewa haitakuwa siri ya mtu mmoja.

Sheria ipo, ijapokuwa wengi wa ofisini hudhani ni ya viwandani. Tanzania Bara, muda wa kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki nne, nazo hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawabanwi na kipengele hicho, na ndiyo sababu vile vyeo vya ghafla vinahitaji kuangaliwa. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mahakama nazo husikiliza: Machi 2023 mahakama ya masuala ya ajira jijini Nairobi ilisimamisha kwa muda kupunguzwa kwa wachunguzi wa maudhui ya Facebook waliokuwa wamefungua kesi. Anayefanya kazi kwa mkataba wa kujitegemea na kampuni ya nje, bila kuajiriwa rasmi, kinga hizi nyingi hazimfikii. Kwake mpaka ni ule anaouandika mwenyewe kwenye mkataba, na wengi hawauandiki.

Walioondoka wasisahaulike nyumbani. Familia zilizokuwa zikipokezana kupeleka watoto shule ghafla hazipigiani simu, kwa kuwa aliyebaki anaona aibu na aliyeondoka anaona aibu kubwa zaidi. Watoto wao hawajui lolote, wanashangaa tu kwa nini hawaendi tena kwa kina fulani Jumapili. Simu hiyo ipigwe na aliyebaki. Ndiye mwenye mshahara.

Kuhusu watoto wenyewe, walio chini ya miaka saba hawaelewi maana ya kupunguzwa kazi, lakini wanausoma uso wa mzazi vizuri kuliko wanavyosoma kitabu. Mtoto asipoelezwa hujihesabu yeye ndiye kosa. Inatosha kumwambia kwamba kazini watu wamepungua, baba ana kazi nyingi, na hajamkasirikia yeye. Wa darasa la sita na kuendelea watauliza moja kwa moja: na wewe utafukuzwa? Kumuapia kwamba haitatokea ni ahadi asiyo nayo mzazi. Aambiwe kwamba haijulikani, kwamba ikitokea nyumba ina mpango, na atajieleza kwake wa kwanza kabla ya majirani. Watoto wakubwa hutulia zaidi kwa jibu hili kuliko kwa uongo, hasa wakiona wazazi wote wawili wanalijua.

Kikao cha saa moja jioni si lazima kifutwe chote. Siku mbili za wiki zikipatikana bila kikao, zitajwe na watoto wazijue kwa majina: Jumanne na Alhamisi baba anakula na sisi. Mtoto anayejua kwamba Alhamisi ipo anaivumilia Jumatano. Siku hizo simu ikae chumbani, si mezani ikiwa imegeuzwa kifudifudi, maana watoto wote wanajua simu ya kifudifudi inasubiri nini.

Na likizo. Tanzania ni siku 28 kwa mwaka, Kenya ni siku 21 za kazi, na baada ya kupunguzwa watu ofisi nzima huacha kuziomba, kila mmoja akisubiri mwenzake atangulie. Wanandoa wakae na kalenda, wachague tarehe zinazoendana na shule kufungwa, na maombi yapelekwe kwa maandishi mapema. Anayeomba Septemba ana nafasi nzuri ya kupata wiki mbili za Desemba kuliko anayesubiri kuulizwa, maana meneja mwenye watu kumi na tano hatakumbuka kumuuliza.